Dohani ya Gogo Thoko

Plasta ya zamani ikibomolewa hutoa harufu ambayo sijaikuta kwenye kitu kingine. Ina chokaa ndani yake, ina masizi, ina manyoya ya wanyama ambayo mafundi wa kale waliyachanganya ili ishikamane, na chini kabisa ina kitu kinachofanana na chungu kilichopikiwa kikaachwa bila kuoshwa. Mwaka 2015, nilipokuwa na miaka kumi na miwili, harufu hiyo ilihamia kwetu mwezi wa pili na haikuondoka hadi mwezi wa tisa. Ilikuwa kwenye mashuka, kwenye sweta langu la shule, kwenye mkate. Mama alifunika sufuria kwa vitambaa viwili na bado tulitafuna mchanga kwenye wali. Hata leo nikipita mahali wanapobomoa ukuta, namwona Mama amesimama katikati ya vumbi, kanga imefungwa kichwani hadi kwenye nyusi, akimwonyesha fundi kwa kidole mahali anapotaka mwanga uingie.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya pili katika safu ya nyumba nne zilizoshikana, huko Bertrams, mashariki ya katikati ya jiji. Ni nyumba za Kivictoria, zilizojengwa Johannesburg ikiwa bado mji mchanga wa wachimba dhahabu. Kwa mbele zilipendeza: kibaraza chembamba chenye nguzo za chuma, na juu ya nguzo pambo la chuma lililotobolewa kama kofia iliyodariziwa kwa mkono. Ndani kulikuwa na habari nyingine. Ulipofungua mlango ulikutana na ushoroba mrefu, kisha chumba cha mbele, kisha chumba cha kati kisichokuwa na dirisha hata moja kwa sababu pande zote mbili kulikuwa na majirani, na nyuma kabisa jiko jembamba la mabati lililoongezwa na mtu aliyekuwa na haraka. Choo kilikuwa mwisho wa ua, karibu na kichochoro. Asubuhi zenye baridi tulikwenda huko mbio tukiwa tumevaa majaketi. Lakini tulikuwa tumetoka Hillbrow, ghorofa ya tisa, kwenye jengo ambalo lifti yake sikuwahi kuiona ikifanya kazi. Tulipopata nyumba iliyo chini, yenye mlango wake na ua wake, hatukuona kasoro. Tulimshukuru Mungu, tukanunua majaketi.

Kilichobadilisha mambo ni Bibi, mama yake Baba. Aliishi Tanga na shangazi yangu, na mwisho wa mwaka uliotangulia alipata kiharusi kilichomlegeza upande wa kushoto. Shangazi mwenyewe hakuwa mzima wa mgongo. Kumwinua mtu kila siku kulimshinda. Baba, aliyekuwa mtunza ghala huko Midrand, akakata shauri la kumleta mama yake aishi nasi. Nilimsikia akimwambia Mama, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba hajui Bibi atalala wapi na chooni atakwendaje. Kesho yake Mama alikuja na daftari langu la hesabu, na kwenye ukurasa wa nyuma alikuwa amechora nyumba nzima kwa kalamu ya risasi: ukuta kati ya chumba cha giza na jiko umeondolewa, jiko limepanuliwa, na nyuma yake, mahali palipokuwa na ua mtupu, chumba kipya chenye dirisha kubwa na bafu lake, bila kidato hata kimoja.

"Huyu ndiye aliyenifundisha kushona," Mama alisema. "Nilipoolewa sikujua hata kupinda upindo. Hatakwenda choo cha uani."

Baba aliuangalia mchoro ule kwa muda mrefu, kisha akauliza mbona mlango umekuwa mpana hivyo. Mama akasema huo ni wa kiti cha magurudumu, kama kitahitajika.

Mimi nilikuwa na kazi yangu katika nyumba ile, na kazi hiyo sikuipenda. Nilizaliwa Johannesburg. Kizulu nilikipata mtaani, Kiingereza shuleni, na Kiswahili kilikaa masikioni bila kushuka mdomoni: wazazi walinisemesha Kiswahili, nikawajibu kwa Kiingereza, na sote tulizoea. Mama alikuwa akiuza nguo sokoni Newtown, na Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni, cha kutosha kusifia kitambaa na kukataa bei. Kizulu hakukijua zaidi ya salamu. Basi kila palipohitajika ulimi niliitwa mimi. Nilitafsiri kwa mtu wa umeme, kwa mwalimu wangu alipokuwa akinishtaki mimi mwenyewe, kwa daktari alipomuuliza Mama mambo ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. "Zuhura, anasemaje?" Nadhani siku nyingine nilisikia maneno hayo mara nyingi kuliko salamu. Mtoto anayetafsiri huonekana mwerevu, watu humsifu, lakini kwa kweli amebeba maneno ya watu wazima kichwani kama ndoo iliyojaa, na hakuna anayemuuliza kama shingo inamuuma.

Jirani yetu wa kushoto, nyumba ya kwanza kwenye safu, alikuwa Gogo Thoko. Gogo ndilo neno la Kizulu la bibi, na mtaa mzima ulimwita hivyo. Alikuwa mjane mrefu, macho yameanza kuingia ukungu, na aliimba nyimbo za kanisani tangu alfajiri. Kwa kuwa ukuta kati yetu ulikuwa mmoja, tuliamka pamoja naye. Alikuwa mkali. Ukipita bila kumsalimu alikuita urudi, ukasalimu upya, kisha akakuuliza umekula nini, nani amekusuka, mbona unaburuta viatu. Na hadi akuachie, wenzako wamekwisha kucheza. Mama alimpenda sana. Walipeana mboga juu ya ukuta wa uani, kila mmoja akisema lugha yake.

Fundi alikuwa Mkongo kutoka Lubumbashi, mwashi mwenye mabega mapana na sauti ndogo, tuliyemwita Papa Kalenga. Mara ya kwanza nilipomwamkia "Shikamoo", kama nilivyofundishwa, aliangalia nyuma yake kuona nasema na nani, kisha akajibu kwa adabu, "Jambo, mama." Alikuwa na Kiswahili chake, chenye Kifaransa ndani, na Mama alikuwa na cha Tanga, hivyo siku za mwanzo walisikilizana kwa kuonyeshana vitu. Baba alikuwa amekwenda kuomba kibali cha ujenzi, akaambiwa kuwa nyumba iliyopita miaka sitini haiguswi ovyo: mbele pasibadilishwe chochote, wala kibaraza, wala nguzo, wala lile pambo la chuma. Ndani na nyuma tungeweza kupanua. Papa Kalenga alifurahi kusikia hivyo. Alisema nyumba ya zamani ni kama mzee. Unamnunulia nguo mpya lakini humbadilishi jina.

Nakumbuka kazi ile kwa vipande. Nakumbuka sakafu ya chumba cha kati, walipoondoa zulia la plastiki wakakuta jingine chini yake, na jingine, matano kwa jumla, kila moja na maua yake, na chini ya yote mbao nyekundu za msonobari zilizonyooka kama zimepigwa randa jana. Mama alikata kipande cha kila zulia akakitundika ukutani, ukuta wenyewe ukiwa unasubiri kubomolewa. Nakumbuka siku ya kuinua boriti ya chuma, wanaume wanane wamejipanga ushorobani, Wakongo na Watanzania na jirani Mmalawi wa nyumba ya tatu, kila mtu akihesabu kwa lugha yake hadi boriti ikapanda yenyewe kwa hasira. Ukuta ulipoanguka, mwanga wa uani uliingia chumba cha kati labda kwa mara ya kwanza tangu nyumba ijengwe, nasi tukaona kwamba dari tuliyodhani ni nyeusi ilikuwa ya bati lililochapwa mashada ya zabibu, rangi ya maziwa. Mama aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akaiangalia dari ile hadi chai yake ikapoa.

Halafu likaja suala la dohani. Katika ukuta wa pamoja kati yetu na Gogo Thoko kulikuwa na meko mawili ya kuotea moto yaliyopeana mgongo, moja letu na moja lake. Moshi wa yote mawili ulipanda ndani ya ukuta na kutokea juu ya paa kwenye dohani moja ya matofali. Dohani hiyo ilikuwa imepasuka; mvua iliingia na kulowesha ukuta hadi chini. Papa Kalenga alitaka kuiangusha hadi usawa wa paa na kufunika pale kwa bati jipya. Sisi hatukuwasha moto. Lakini alisimama mlangoni Jumamosi moja kabla ya Pasaka, akamuuliza Mama, "Mujirani anatumiaka moto yake?"

Mama alikuwa na kitambaa mkononi na mteja sebuleni. "Zuhura," akasema, "nenda kamuulize Gogo kama huwa anawasha lile meko lake. Umuulize vizuri."

Nilitoka. Kwenye kona wenzangu wawili walikuwa wananisubiri na mpira, tulikuwa tunakwenda kucheza netiboli. Getini kwa Gogo nilisikia redio na sauti yake akiimba juu ya redio. Nilijua nikiingia nitaulizwa habari za nywele na viatu, na nusu saa itakwisha. Zaidi ya hapo nilikuwa nimechoka tu. Asubuhi ile ile nilikuwa nimekwisha kutafsiri kwa mtu wa bomba na kwa mteja wa Mama. Nikagonga geti mara moja, taratibu, kama mtu anayegonga ili asisikike. Nikahesabu hadi kumi. Kisha nikarudi nikasema kwa Kiingereza kuwa Gogo amesema hatumii. Moyoni nilijiambia kwamba sijawahi kuona moshi kwake, nami nilisahau kwamba tulihamia pale mwishoni mwa baridi ya mwaka uliotangulia, watu wakiwa wamekwisha kuacha kuota moto. Papa Kalenga aliniangalia. "Ulimuuliza ye mwenyewe?" Nikatikisa kichwa kukubali, nikakimbilia mpirani.

Kesho yake Gogo Thoko alisafiri kwenda kwa dada yake KwaZulu-Natal kwa ajili ya Pasaka, akakaa huko wiki nyingi. Dohani ilianguka katika wiki ya kwanza. Aliporudi, katikati ya Mei, hakuona tofauti, maana ukiwa kibarazani paa halionekani, na macho yake yalikuwa yale niliyoyataja. Alitusifia chumba kipya kilichokuwa kikiinuka nyuma, akatuletea mahindi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu kiasi cha kunifanya nisahau kwamba niko njiani.

Mwaka ule umeme ulikuwa ukikatwa kwa zamu, na mtaa mzima ulijua ratiba kama saa za sala. Alasiri moja mwanzoni mwa Juni nilirudi kutoka shuleni umeme ukiwa umekatika na baridi ikiuma masikio. Nilikuwa nimefika roboti ya mwisho, kama tunavyoziita huku taa za kuongozea magari, ile ya barabara kubwa, nayo imezimika, niliposikia harufu ya makaa ya mawe. Nilipokunja kona niliona moshi ukitoka chini ya bati la kibaraza cha Gogo Thoko, polepole, wa kijivu, kama nyumba inapumua. Geti lake lilikuwa na kufuli. Nilipita ndani kwetu mbio hadi nyuma, ambako Papa Kalenga alikuwa akipiga lipu chumba cha Bibi, nikamshika mkono. Neno pekee lililotoka lilikuwa "moshi", na nilimwonyesha upande.

Alivua shati, akalichovya kwenye ndoo ya maji, akajifunga usoni na kuruka ukuta wa uani. Tulisikia mlango wa jiko ukivunjika. Mama alikuwa amepanda juu ya meza ya fundi akiita, "Gogo! Gogo!" Kisha tukamwona Papa Kalenga anatoka kinyumenyume, amemkumbatia mjane yule mrefu chini ya makwapa, miguu yake inaburuta, kiatu kimoja kimebaki. Walimlaza kwenye mchanga wetu wa kujengea. Uso wake ulikuwa mweusi kwa masizi isipokuwa mistari miwili ya machozi, na alikohoa kikohozi ambacho kila kikija nilidhani ndicho cha mwisho. Yule Mmalawi alileta bakkie yake, pikapu iliyokuwa na magodoro nyuma, wakampeleka hospitali. Walimwekea hewa, wakasema atalala huko siku mbili.

Kabla giza halijaingia Papa Kalenga alipanda paani peke yake. Alishuka ngazi taratibu sana. "Mama Zuhura," alisema, "moto yake ilikuwa inapita mule. Tuliambiwa hatumiake."

Mama akanigeukia. "Zuhura, ulimuuliza?"

"Ndiyo," nikasema. Huo ulikuwa uongo wa pili, na ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza, maana safari hii nilijua.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Baba alikuwa kazini hadi mchana. Asubuhi, Bheki, mpwa wake Gogo Thoko, alikuja na wanaume watano au sita wa mtaani kwetu, wakasimama getini mikono mifukoni. Lazima nieleze mwaka ule ulikuwaje. Miezi miwili nyuma maduka ya wageni yalikuwa yamevunjwa kwenye mitaa isiyo mbali na yetu; mimi nilikaa siku tatu bila kwenda shule, na Mama alipopanda teksi, yale mabasi madogo ya abiria, hakujibu simu ili Kiswahili chake kisisikike. Wanaume wale hawakuwa watu wabaya. Bheki aliwahi kutusukumia gari lilipokataa kuwaka. Lakini shangazi yake alikuwa amelala hospitali, na sura yake haikuwa ile niliyoizoea. Alisema kwa Kizulu, haraka haraka: nani alimzibia Gogo moshi wake? Ni yule Mkongo? Aliruhusiwa na nani?

"Zuhura," Mama akasema, bila kuwaondolea macho, "anasemaje?"

Kabla sijajibu Papa Kalenga alitokea nyuma yetu, mwiko mkononi. Alikuwa ameelewa mambo mawili tu, neno "Mkongo" na macho ya watu. Akaweka mwiko chini, akajigusa kifua. "Miye," alisema. "Kosa ni yangu. Ningepanda niangalie na macho yangu." Kisha akaniangalia ili nitafsiri. Mmoja wa wale wanaume alikuwa amekwisha kufungua geti.

Nimeufikiria sana muda ule. Pale kibarazani hapakuwa na mtu mwingine aliyezisikia lugha zote mbili. Ningeweza kuacha maneno ya Papa Kalenga yapite kama alivyoyasema, nayo yasingekuwa uongo wangu. Yangekuwa maneno yake. Alikuwa amejitolea mwenyewe. Nikamwambia Bheki kwa Kizulu kwamba fundi hakufanya kitu kabla ya kuuliza, kwamba mimi ndiye niliyetumwa, kwamba niligonga geti mara moja nikaondoka, nikarudi na jibu ambalo Gogo hakulisema. Halafu nikamgeukia Mama. Yeye naye alistahili kusikia, na kwa lugha yake. "Mama," nikasema kwa Kiswahili, "mimi sikumuuliza Gogo. Mimi nilidanganya. Na jana nilidanganya tena." Sikumbuki kama niliwahi kumwambia maneno mengi hivyo kwa Kiswahili kabla ya siku ile.

Bheki akaniuliza nina miaka mingapi. Nikamwambia. Akaketi kwenye ngazi ya kibaraza chetu ghafla, kama mtu aliyekatwa kamba, akajipangusa uso kwa mikono miwili. Aliyefungua geti alilifunga tena kwa upole, na sikuelewa kwa nini upole ule ndio ulionifanya nilie.

"Eish," Bheki alisema mwishowe. "Basi utamwambia mwenyewe. Twende."

Tulikwenda kwenye gari lake, mimi na Mama nyuma. Njiani Mama hakunigombeza. Tulipokaribia hospitali alisema, akiangalia dirishani, "Kuuliza si ujinga, Zuhura. Ujinga ni kujibu usichokijua." Baada ya roboti mbili akaongeza, taratibu zaidi, "Na mimi nimekutwisha mizigo ya watu wazima. Hilo ni langu."

Gogo Thoko alikuwa ameketi kitandani, mrija wa hewa puani, amevaa kofia yake ya sufu. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikasema "Ngiyaxolisa", yaani naomba radhi, na nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakuwahi kufanya.

"Uligonga mara ngapi?" aliuliza.

"Mara moja, Gogo."

"Kwa nguvu?"

"Hapana."

"Uliyakimbia maneno yangu mengi," alisema.

Nikakubali. Akaniwekea mkono juu ya kichwa, mzito, wenye harufu ya dawa na bado ya moshi. "Sawa. Sasa utayasikiliza yote."

Ndivyo ilivyokuwa. Papa Kalenga aliacha kazi yetu akaanza kumjengea Gogo dohani upya, na kwa kuwa paa lake lilikuwa wazi na baridi ilikuwa kali, Mama alitandika kitanda katika chumba cha Bibi, ambacho kuta zake zilikuwa bado hazijapakwa rangi. Niliona Baba anasita. Alikuwa amekijenga chumba kile akilini tofali kwa tofali kwa ajili ya mama yake. Lakini alikwenda kununua hita ya gesi akaifunga mwenyewe, na jioni alipomkaribisha Gogo ndani alimwambia, kupitia kwangu, methali ya kwao: mgeni njoo, mwenyeji apone. Gogo akauliza, kati yetu na yeye, mgeni ni nani? Baba alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Gogo Thoko ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuoga katika bafu letu jipya, akaimba humo hadi maji ya moto yakaisha.

Kila siku baada ya shule niliketi naye, naye akasema. Ndipo nilipojua kwamba zamani, sheria za ubaguzi zilipomkataza mtu mweusi kuishi mtaa ule, alikuwa mfanyakazi wa ndani katika nyumba ya nne ya safu hiyo hiyo, akilala kwenye kibanda cha uani kando ya kichochoro. Kila alfajiri ya baridi alipiga magoti kusafisha majivu ya meko ya watu wengine na kuwasha moto ambao hakuruhusiwa kuuota. Mambo yalipobadilika, yeye na mumewe wakapata nyumba ya kwanza kwenye safu, na jioni ya kwanza ya baridi mumewe aliwasha moto, akamwekea kiti mbele yake, akamwambia akae tu. Mume alikuwa amekufa miaka mingi. Moto Gogo aliendelea kuuwasha kila baridi. Nilipomtafsiria Papa Kalenga hadithi ile alikwenda kulipangua tabaka zima la matofali alilokwisha kulijenga, kwa sababu, alisema, halikuwa limenyooka vya kutosha.

Bibi aliwasili Septemba. Mlango mpana ulitosha kiti chake. Kiharusi kilikuwa kimempunguzia maneno. Aliyatafuta moja moja, akayaweka nje polepole. Na Kiswahili changu nacho kilikuwa hivyo hivyo. Watu wazima walikosa subira na sisi wote wawili, kwa hiyo tukawa tunazungumza wenyewe kwa wenyewe, mwendo mmoja, yeye akinisahihisha ngeli kwa kutikisa kidole cha mkono wa kulia. Baridi zilizofuata nilimsukuma hadi kwa Gogo Thoko, nikawaketisha mbele ya moto, nikatafsiri bila kuagizwa. Walizungumza habari za magoti yao, waume zao, na jinsi watoto wa siku hizi wanavyoburuta viatu. Bibi aliishi nasi miaka minne. Alipofariki, mwaka 2019, Gogo Thoko alikuja na sare yake ya kanisa, akaketi jikoni kati ya wanawake wa Kiislamu, akamenya vitunguu hadi vikaisha.

Siku hizi mimi nafanya kazi Midrand, kwenye ofisi inayochora ramani za watu wanaotaka kupanua nyumba zao, na naishi huko huko kwenye jengo jipya ambalo kila kitu kinawaka kwa kitufe. Ni salama, ni safi, jiko na sebule ni chumba kimoja chenye mwanga, kama ule Mama alioupigania kwa miezi minane. Ukutani sisikii mtu. Sitaki kudanganya kwamba naitamani Bertrams ya wakati ule. Mtaa uliomjua Gogo Thoko kwa harufu ya moshi wake ndio ule ule uliofungua geti letu asubuhi ile, na sijasahau jinsi Papa Kalenga alivyoliweka chini mwiko wake. Yeye yuko Cape Town sasa. Gogo Thoko amezeeka, analelewa na mpwa wake Soweto, na nyumba yake imenunuliwa na wanandoa vijana.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani. Tulikuwa tunakula wakati yule mke wa jirani alipokuja na karatasi yake ya ramani. Wanataka kutoboa dirisha la paa, alisema kwa Kizulu, na wanaogopa maji yataelekea kwetu. Niliweka kijiko chini, nikajifuta mdomo, nikaanza kusimama. Mama hakugeuka. Aliinua tu kiganja kidogo kunirudisha kitini, kisha akamjibu yule binti kwa Kizulu kirefu, chenye lafudhi ya Tanga, akamuuliza maswali matatu, akachukua kalamu akamchorea kitu. Walicheka pamoja, wameinamia karatasi, nisione wanachokicheka. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili ningetoa chochote nilichonacho ili siku kama hiyo ifike. Niliketi na sahani yangu, nikawasikiliza, na nilisikia wivu.